Naomba jina la mbwa jike, manyoya mengi, rangi ya krimu. Nipo Tanga, chanjo Jumamosi

Binti Korona

Habari za usiku wakuu zangu,

Niende moja kwa moja maana hili jambo nimekaa nalo wiki nzima. Nipo Tanga mjini, Ngamiani, na nina mtoto wa mbwa jike, miezi mitatu ndo anatimiza. Mjomba wangu ni mlinzi kule Raskazone, wenye nyumba wamehama wamerudi kwao, na mbwa wao alikuwa kazaa watoto wanne. Watatu wakapata watu, huyu akabaki, basi mjomba akamtia kwenye boksi la biskuti akapanda nae bajaji mpaka kwangu saa mbili usiku, akaniambia ukimkataa mie sina pa kumpeleka. Sikumkataa.

Sasa huyu si kama hawa tuliowazoea mtaani wa manyoya mafupi ya kahawia. Huyu manyoya yamejaa, marefu, yamesimama, ukimshika mgongoni vidole vyote vinazama huvioni. Na rangi yake sio nyeupe ya karatasi, ni krimu, kama maziwa uliyoyatia chai kijiko kimoja tu, halafu masikioni na ncha ya mkia imekolea kidogo inaelekea dhahabu. Akilala uani unaweza kusema mtu kaangusha mto, mpaka uone yale macho mawili meusi na pua.

Jumamosi hii wanachanja kichaa cha mbwa pale ofisi ya mtaa. Jana nilienda kuulizia muda, ofisa mifugo akawa anaandikisha kabisa, jina la mwenye mbwa, mtaa, jinsia, rangi, akafika jina la mbwa nikabaki kimya. Akaweka alama ya kuuliza kwa penseli, akasema haya mama Jumamosi uje nalo. Wakuu ile alama ya kuuliza imenikaa moyoni, kiumbe yupo kwangu wiki tatu anakula anacheza ananisubiri mlangoni nikirudi dukani halafu hana jina.

Mwanangu wa miaka saba anataka Theluji, na theluji yenyewe hajaiona zaidi ya kwenye TV. Mdogo wangu anataka Princess. Mie sitaki la kuazima kiasi hicho, nataka jina la hapa hapa kwetu. Ila liwe jina naweza kulipaza barabarani saa kumi na mbili jioni watu wametoka kazini na jirani asidhani namwita yeye wala namsema yeye. Hili nalisisitiza kwa sababu nimekua nikiona. Nyumba ya tatu kutoka kwetu zamani palikuwa na mbwa anaitwa Hawanipendi, kila jioni mwenye mbwa anatoka barazani anaita Hawanipendi! Hawanipendi njoo ule! na yule mama wa nyumba ya mbele akajua fumbo ni lake, walikaa miaka hawasalimiani mpaka mmoja akahama. Mbwa wa watu hana hili wala lile.

La pili, nakaa na baba yangu. Ni mstaafu wa mkonge (korona ni mashine ya kusaga majani ya mkonge kutoa nyuzi, ndo maana ya jina langu humu), mtu wa swala tano, na mbwa kwake ni jambo zito. Siku mbwa anafika alisema neno moja tu, ukicheza na mbwa atakufuata msikitini, akarudi kwenye kahawa yake. Mbwa anakaa uani nyuma, ana kibanda chake na sahani yake, na njia ya baba ya kwenda kutia udhu haipiti huko. Kwa hiyo jina lisimkwaze mzee wangu, hilo kwangu ni sharti.

Nawasilisha, naombeni mawazo ya kweli.

Jahazi la Deep Sea

Hongera kwa kumpokea dada. Kwa maelezo yako mie sioni jina lingine zaidi ya Pamba. Fupi, la Kiswahili, mtoto analitamka, na kila atakayemuona ataelewa kwa nini.

Kange Kwanza

Pamba zuri ila Pamba ni timu ya Mwanza mkuu, hapa mtaa mzima Coastal Union na African Sports, utaliita jina la timu ya watu wa ziwani mbele ya vijana wa kijiweni kila siku? Mie ningemuita Mgosi tungekuwa tumemaliza, basi tu jike.

Baharia Mstaafu

Msilikimbie Pamba haraka, ngoja niwape kisa. Kule Madagaska, bandari ya Tuléar upande wa kusini magharibi, siku hizi wanaandika Toliara, kuna mbwa wadogo weupe wenye manyoya mengi wanaitwa Coton de Tuléar, yaani pamba ya Tuléar. Ni mbegu inayotambulika duniani, shirikisho la kimataifa la mbwa waliipokea mwaka 1970. Kwa hiyo wenzetu wa bahari hii hii walipomuona mbwa wa namna hiyo jambo la kwanza kuwajia ni pamba. Simaanishi wako ni wa mbegu hiyo, wa Raskazone anaweza kuwa mchanganyiko wowote, nasema tu wazo la Pamba halikuanza na huyo jamaa wa Deep Sea.

Mama Kalimati

Shoga yangu nenda jikoni. Vitu vyetu vyeupe laini vyote vipo jikoni. Kuna Bisi, mahindi yakishapasuka si ndo huyo huyo mbwa wako? Kuna Kasimile, lile tui la kwanza zito. Kuna Chicha, kutoka machicha ya nazi, ukishakamua ukayamwaga kwenye ungo yanavyokaa yamevurugika meupe vile. Mie kura yangu Bisi, ukiita Bisi! kwa sauti ya juu mbwa anasikia hata akiwa barabara ya pili.

Dokta wa Ng'ombe

Mie ni mtu wa mifugo, niongezee kitu kabla hamjafika mbali.

Jina la mbwa liwe na silabi mbili, zikizidi sana tatu. Mbwa halisikii jina kama sisi tunavyolisikia, anashika mlio, mwanzo wake na irabu zake, na hasa sauti ya mtu anayemlisha. Kiswahili kimetupendelea hapa maana maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, unaweza kuivuta, Biiisiii, na sauti inafika. La muhimu lisifanane na amri utakazomfundisha. Ukimfundisha kaa, njoo, acha, lala, toka, basi usimpe jina linalogongana na hayo. Kwa mfano Chicha likiitwa kwa mbali linakaribia acha, utamchanganya, unamuita yeye anadhani unamkataza. Kasimile ni refu, baada ya wiki litakuwa Kasi au Mile.

Na ukishachagua usilitumie jina kumgombezea. Jina liwe la kuitia kula, kutoka, kubembeleza. Akikosea tumia neno jingine. Mbwa wengi mnaosema hawasikii jina wanalisikia vizuri sana, wamejifunza tu kwamba likitajwa kuna fimbo.

Binti Korona

Asante sana dokta, hilo la mwisho nimemsomea mwanangu kwa sauti. Chicha nimeliondoa japo nililipenda. Bisi nimelijaribu leo, masikio yamesimama yote mawili. Ila nilipomwambia baba kwamba wengine wanasema Bisi akatikisa kichwa, akasema chakula cha watu hakiitwi mbwa. Sikubishana nae.

Mti wa Msufi

Dada mbona lipo wazi? Sufi! Sisi tuliokulia kwenye mito ya sufi tunajua. Bibi yangu alikuwa na msufi nyuma ya nyumba, yale maganda yakishakauka yanapasuka yenyewe juu ya mti na sufi inapeperuka uwanja mzima, tunaiokota tunachambua mbegu zile nyeusi bibi anajaza mito. Ile rangi ndo hiyo hiyo unayoisema, haiwi nyeupe kabisa, ina ukrimu fulani unang'aa. Na silabi ni mbili.

Ustadhi wa Chuda

Mti wa Msufi nakuheshimu na kumbukumbu yako nzuri, ila hapo hapana. Sufi ni jina la watu wa Mungu, hapa Tanga kuna watu wa twarika kila mtaa, wazee wetu wamelala na kuamka kwenye dhikri. Ukipaza sauti Sufi njoo hapa kwa mbwa, hata kama nia yako ni mto wa bibi, masikio ya wapita njia hayasikii mto. Dada amesema baba yake ni mtu wa swala tano, asilitumie.

Ila pia niseme hili kwa sababu nimeona baadhi ya watu wakisikia mbwa wanakunja uso. Mbwa katajwa ndani ya Qur'ani kwa heshima ya kufuatana na watu wema. Suratul Kahf, aya ya 18, wale vijana wamelala pangoni na mbwa wao kanyoosha miguu yake ya mbele pale kizingitini. Jina lake Qur'ani haikulitaja, ila wafasiri wengi wanasema ni Kitmiri. Na neno hilo hilo ndo ule utando mwembamba unaofunika kokwa ya tende, limekuja kwenye Suratu Fatir. Sisi Mashafii tunalinda unajisi wake, mate na umajimaji, chombo alicholamba unakiosha mara saba moja kwa udongo, lakini hiyo ni sheria ya twahara, haimfanyi mbwa kuwa kiumbe wa kutukanwa wala kupigwa mawe na watoto. Mwambie mzee wako salamu zangu, alivyopanga kibanda na sahani mbali ni sawa kabisa.

Binti Korona

Ustadhi Mungu akulipe, hii nimemsomea baba. Alinyamaza muda halafu akasema, kizingitini, eh? Basi. Lakini nimemuona jioni akigeuza kiti chake upande wa uani.

Kitmiri ni zuri mno ila naona lina uzito, naogopa kulichezea. Naendelea kutafuta, zimebaki siku mbili.

Kange Kwanza

Povu? Wingu? Lulu?

Jahazi la Deep Sea

Lulu kwenye mtaa mmoja unakuta watano mkuu, watageuka wote. Jina la mtu asipewe mbwa.

Binti Korona

WAKUU JINA LIMEPATIKANA. Naomba mnivumilie niandike kirefu maana nataka nilieleze lilivyokuja.

Usiku wa kuamkia leo mvua ilinyesha kubwa, kibanda chake kilivuja, asubuhi nimemkuta kaloa chapachapa kabaki mdogo kama panya, yale manyoya yote yameshikana mwilini. Nikamfuta na gunia nikamuacha uani juani chini ya kamba ya nguo, nikaenda kufungua duka. Saa nne nimerudi kuchukua karatasi za fotokopi nikakuta baba kahamisha kiti mpaka mlango wa uani. Amekaa na bakora yake anamuangalia mbwa. Mbwa nae kajinyoosha kwenye jua, anakauka, na manyoya yanaanza kufunguka moja moja yanainuka, upande uliokauka ni mweupe unang'aa na upande wa chini bado umelala na kijivujivu.

Baba akaniambia bila kunigeukia, hii mvua ingekaa siku mbili ungeharibu mali.

Sikumuelewa. Akasema singa, zile nyuzi za mkonge, zikitoka korona zimelowa zinataka jua siku hiyo hiyo. Unazianika kwenye kamba, jua likiwa zuri zinaiva nyeupe ya krimu hivi, mvua ikikushika ukazikalia zinageuka rangi, zinashuka gredi, na aliyekata majani na aliyebeba na aliyeanika wote kazi yao imeshuka pale.

Mnajua baba yangu hajawahi kuongea kazi yake hivyo mbele yangu. Alikaa upande wa brashi miaka mingi, pale ambapo singa zikishakauka zinapitishwa kwenye mashine zinachanwa, vumbi linatoka, zinabaki zimenyooka laini halafu zinachambuliwa gredi kabla ya kufungwa marobota. Robota moja kilo 250. Kikohozi chake cha asubuhi nakijua tangu mdogo, vumbi lile nilikuwa naliona kwenye nyusi zake akirudi.

Basi akasubiri. Alisubiri hasa mpaka mbwa akakauka kabisa, maana akiwa mkavu na mkono mkavu hakuna tabu ya unajisi, akainama kwenye kiti, akashika manyoya ya mgongoni kwa kidole gumba na cha shahada tu, fungu dogo, akalivuta taratibu kwenda juu mpaka ncha, akalielekezea kwenye mwanga. Nimeona vile vidole vinavyofanya kazi vyenyewe. Hakuwa anabembeleza mbwa, alikuwa anakagua. Halafu akaachia akasema, namba moja hii. Haina doa.

Mbwa akageuza shingo akamtazama.

Nikamuuliza baba, tumuite Singa? Akafikiri. Akasema singa si chakula na si mtu. Kisha akaniambia na mkonge nao si wa hapa, uliletwa tu, leo Tanga gani isiyokuwa na mkonge.

Silabi mbili, linaishia na irabu, halifanani na amri yoyote ya dokta, halimsemi jirani. Na wanawake wenzangu mnajua nywele za singa ni zipi. Nimeandika haya nikiwa dukani na wateja wananisubiri.

Mama Kalimati

Nimesoma nikasimamisha mapishi. Bisi nimeiondoa mwenyewe, Singa hapo hapo.

Mti wa Msufi

Nimeshindwa kihalali. Na mzee kasema kweli kuhusu mkonge kuletwa. Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, ndo aliuleta mwaka 1893, asili yake Meksiko ila ulipitia Florida kule Marekani, na kati ya miche yote aliyoagiza iliyofika hapa ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe huko Pangani. Kilimo cha mkonge cha Tanga, Muheza, Korogwe mpaka Morogoro kilianzia kwenye miche hiyo. Kwa hiyo mbwa aliyebaki peke yake kwenye boksi la biskuti kupewa jina la singa, mie naona kalipata kwa haki.

Kange Kwanza

Natia neno moja tu la tahadhari. Tanga hii kila nyumba ya tatu mbwa anaitwa Simba. Singa na Simba zikiitwa kwa mbali ni kitu kimoja. Jirani akiita Simba wako ataruka ukuta.

Binti Korona

Umesema kweli mkuu na limeshatokea, jioni hii hii. Nyumba ya pili wana Simba wao, wakamuita, huyu wangu akakimbilia getini. Dokta upo?

Dokta wa Ng'ombe

Nipo. Sio sababu ya kuliacha. Kwanza ana siku moja na jina, hajalijua bado, anakimbilia sauti yoyote. Pili lipe wimbo wake. Wewe na mtoto na mzee mkubaliane kuliita namna moja, mfano mvute mwanzo, Siiinga, na mwisho mkate. Wale jirani nadhani wanaita kwa mkato, Simba! Mbwa wanatofautisha hilo vizuri kuliko wanavyotofautisha mb na ng. Akigeuka kwa wimbo wako mpe kipande cha dagaa pale pale. Fanya mara kumi kwa siku, muda mfupi mfupi, utaona ndani ya wiki mbili.

Baharia Mstaafu

Na hata mkichanganya hamjakosea sana. Nimeshusha nanga Singapore zaidi ya mara moja, jina la mji ule ni singa na pura, mji wa simba, singa ni simba kwa Kimalei nao wamelitoa Kisanskriti. Dada una mkonge kwa Kiswahili na simba kwa Kimalei kwa jina moja.

Binti Korona

Jumamosi, saa sita mchana. Tumetoka chanjo. Foleni ilikuwa ndefu, watoto wengi na mbwa wao kwa kamba za manila, yeye nilimbeba kwenye kanga ya zamani. Ofisa mifugo kanikumbuka, kafungua daftari, kafuta ile alama ya kuuliza kwa kifutio, kaandika SINGA, rangi krimu, jike, miezi mitatu. Kanipa kadi, kasema chanjo ya kichaa irudiwe mwakani na nisisahau zile nyingine za watoto wa mbwa, nitaenda kwa daktari wiki ijayo.

Sindano hakulia. Alilia mwanangu.

Sasa swali la mwisho kwa dokta. Watu wawili kwenye foleni wameniambia joto la Tanga hili nimnyoe manyoya yote. Na baba ameanza kusokota kitu uani kwa singa za mkonge alizozitoa sijui wapi, anasema anamtengenezea brashi. Nimruhusu?

Dokta wa Ng'ombe

Usimnyoe. Mbwa wa namna hiyo mara nyingi ana manyoya ya tabaka mbili, la chini laini na la juu refu, na lile la juu linamkinga na jua. Ukinyoa ngozi inaungua na yanaweza yasiote tena vizuri. Mpe kivuli, maji muda wote, usimtembeze mchana, na umchane mara tatu kwa wiki huku unakagua kupe, hasa nyuma ya masikio, kwapani na katikati ya vidole.

Brashi ya mzee mruhusu, itamfaa kwa juu, kutoa vumbi na kung'arisha. Kwa chini nunua kitana cha chuma chenye meno mapana, anza ncha ndo uende shinani, usivute kwa nguvu.

Binti Korona

Nimemsomea baba. Kasema anajua kuchana, kwanza ncha ndo shina, hata brashini ilikuwa hivyo. Kitana nanunua Jumatatu.